Siku Tatu Katika Jangwa la Chalbi

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa mjini Busia mbele ya mkutano wa vijana, walimu na wazee waliotoka pande zote za mpaka wetu, tangu Malaba hata Port Victoria. Twayapiga chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Nimeombwa nieleze habari za safari niliyoifanya kwa miguu katika Jangwa la Chalbi, katika Kaunti ya Marsabit, mwezi wa Februari mwaka 2025. Nilipoletewa ombi hili nilijiuliza swali moja: je, watu wa Busia na Malaba wana haja gani na habari za jangwa? Sisi huku huamka asubuhi tukakuta umande juu ya majani. Mtama wetu humea, mihogo yetu humea, na mtu akisahau fimbo ya mti mbichi ardhini hurudi akaikuta imechipua. Dereva anayengoja zamu yake katika safu ya malori pale Malaba hulalamika leo kwa vumbi na kesho kwa matope. Lakini nilipofikiri zaidi niliona kwamba mtu asiyepata kuijua kiu hawezi kujua thamani ya mto upitao nyuma ya nyumba yake. Ndiyo sababu nimekubali kusema.

NCHI ILIVYO

Msafiri aendaye Chalbi hufika kwanza Mlima Marsabit, na hapo hudanganyika. Mlima ule una msitu mnene na ukungu wa asubuhi. Humo ndimo alimoishi yule ndovu mashuhuri aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe asiuawe, naye akafa kifo chake mwenyewe mwaka 1974. Mtu akilala Marsabit usiku mmoja, akajifunika blanketi kwa sababu ya baridi, hawezi kuamini kwamba jangwa li karibu.

Lakini lori likianza kuteremka kwenda upande wa kaskazini na magharibi, miti hupungua, kisha hufupika, kisha hukoma. Hufuata nchi ya mawe meusi yaliyotapikwa na volkeno zamani sana, mawe mengi kama kwamba mtu ameyamwaga kwa makusudi. Na baada ya mawe huja uwanda mweupe usio na jiwe wala jani. Huo ndio Chalbi.

Wataalamu wa elimu ya ardhi wametueleza kwamba uwanda ule ulikuwa ziwa. Miaka elfu kumi hivi iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, maji yalijaa pale. Mvua zilipopungua ziwa likakauka, likabaki tope na chumvi. Hata leo, mvua kubwa ikinyesha, uwanda hugeuka kuwa maji na matope, na gari likithubutu kupita huzama. Wakati wa ukavu, tope hupasuka vipande vipande kama chungu kilichovunjika, na chumvi hung'aa juu yake hata macho yakauma.

Tulianza kutembea kutoka Kalacha, mahali penye chemchemi na mikoma, kwenda North Horr. Tulikuwa watu sita. Wanne tulikuwa wageni. Wawili walikuwa wenyeji wa kabila la Wagabra, yaani mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wetu, na mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na saba. Tulikuwa na ngamia watatu. Juu ya ngamia wale tulipakia madumu sita ya maji, kila dumu lita ishirini.

Naomba vijana wafanye hesabu pamoja nami. Madumu sita ni lita 120. Watu sita kwa siku tatu, kila mtu apata lita sita na kitu kidogo kwa siku. Katika hizo atakunywa, atapika, na akiosha uso amekwisha kujiibia. Hesabu ile niliifanya mimi mwenyewe kwenye daftari langu kabla ya kuondoka. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua.

WANYAMA TULIOWAONA

Watu wengi hudhani kwamba jangwani hakuna uhai. Mimi nami nilidhani hivyo. Lakini asubuhi ya kwanza, kabla hatujaondoka Kalacha, tulisikia sauti nyingi angani, na mara ndege wa rangi ya mchanga wakashuka makundi kwa makundi kwenye maji. Ndege hao waitwa firigogo. Umbo lao ni kama la njiwa, nao huruka kutoka mbali sana kila siku ili wanywe. Mzee alitwambia tumtazame dume. Dume aliingia majini mpaka kifuani, akajitikisa huku na huku kwa muda, kisha akaruka akaenda zake. Nilidhani anaoga. Mzee akasema, "Sivyo. Anawachukulia wanawe maji." Baadaye nilisoma kwamba ndivyo ilivyo hasa. Manyoya ya kifua cha dume hunyonya maji kama pamba, naye huruka nayo mpaka kiotani, na makinda huyanyonya kutoka katika manyoya yale.

Kando kando ya uwanda, mahali ambapo migunga michache bado yaishi, tulimwona swala twiga akisimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu. Huyu hupata maji yake katika majani, na aweza kukaa siku nyingi sana bila kunywa. Tuliwaona mbuni wa kaskazini, ambao shingo na mapaja ya madume yao yana rangi ya buluu, si nyekundu kama ya mbuni wa kusini. Tuliona nyayo za fisi na za mbweha zilizopita karibu na moto wetu usiku, na jambo hilo halikutufurahisha sana.

Jioni ya siku ya kwanza tuliwaona punda milia watatu. Hawakuwa kama punda milia wa nchi za kusini. Hawa ni wakubwa zaidi, milia yao ni myembamba na mingi, tumbo lao ni jeupe, na masikio yao ni mapana na ya duara. Wazungu huwaita punda milia wa Grévy, kwa jina la Rais wa Ufaransa aliyepelekewa mmoja wao kutoka Uhabeshi mwaka 1882. Mzee aliwatazama kwa muda mrefu akasema kwamba zamani, alipokuwa mtoto, hawakuhesabika. Maneno yake ni ya kweli. Katika miaka ya 1970 punda milia wa namna hii walikadiriwa kuwa kama 15,000. Leo hawafiki 3,000, na karibu wote wamo Kenya. Wengine wachache wamo Uhabeshi. Wakati wa ukame mkuu ulioanza mwaka 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, Serikali ilitoa taarifa mwezi wa Novemba 2022 kwamba punda milia hao 49 walikuwa wamekufa katika muda wa miezi michache. Kwa mnyama aliye mwingi, 49 ni hesabu ndogo. Kwa mnyama aliyebaki mchache, ni msiba.

KOSA LANGU

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kunyamaza, lakini nikinyamaza hotuba hii haina faida.

Siku ya pili, saa tano za asubuhi, tulipumzika chini ya migunga minne kando ya uwanda, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Mzee alituagiza tusiondoke kivulini mpaka saa kumi. Wenzangu walilala. Mimi nilikaa nikitazama, na mbali kidogo nikawaona choroa sita. Wale waliopata kumwona choroa wajua uzuri wake: mwili wa rangi ya majivu, uso wenye alama nyeusi na nyeupe, na pembe mbili ndefu zilizonyoka kama mikuki. Walisimama juani bila wasiwasi wowote, kana kwamba jua lile halikuwa lao.

Choroa ameumbwa kwa nchi ile. Sisi tukipata joto hutoka jasho, na jasho ni maji yanayopotea. Choroa akikosa maji hazuii joto. Huliacha joto la mwili wake lipande hata kupita digrii 45, joto ambalo lingemwua mwanadamu, na damu iendayo kwenye ubongo hupozwa njiani kwa pumzi ya pua. Usiku ufikapo, joto lile hutoka lenyewe. Kadhalika hupenda kula usiku, wakati majani makavu yanapofyonza unyevu wa hewa. Mambo hayo yalichunguzwa na wataalamu hapa hapa Kenya katika miaka ya 1960. Mimi nilikuwa nimeyasoma. Lakini kuyajua ya choroa hakukunifanya niwe choroa.

Nilichukua chupa moja ndogo ya maji, nikaenda ili niwaone kwa karibu. Wao wakasogea. Nikafuata, wakasogea tena. Hawakukimbia hata mara moja. Walitembea tu, na kila nilipodhani nimewafikia walikuwa mbali vile vile. Sikuona muda ukipita. Nilipogeuka kutazama nyuma, ile migunga minne haikuwapo. Badala yake niliona ziwa kubwa lenye miti mirefu iliyopinduka, vichwa chini. Hayo ndiyo mazigazi. Nilijua kuwa si maji, na hata hivyo miguu yangu ilinipeleka huko.

Nilitembea kwa muda wa saa mbili au zaidi. Chupa ikaisha. Ulimi ulishika kaakaa la kinywa, na nikaacha kutoka jasho, jambo ambalo ni dalili mbaya. Mwisho nilikaa chini. Wengine husema nilikaa kwa busara, kwa kuwa aliyepotea yampasa akae mahali pamoja. Si kweli. Nilikaa kwa sababu sikuweza kusimama.

Mzee alinikuta akiwa amepanda ngamia, akifuata nyayo zangu juu ya chumvi. Hakunigombeza. Alinipa maji kidogo kidogo, kisha akanifunika kichwa kwa shuka yake, akasema maneno matano tu: "Mwanangu, yule mnyama hakukuita wewe."

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Kumbe nilikuwa bado sijaliona kosa langu. Tulipofika migungani niliwakuta wenzangu wamesimama kimya. Yule kijana, mjukuu wa mzee, hakuwapo. Habari ya kupotea kwangu ilipojulikana, babu alikuwa ameshika njia ya kaskazini, naye kijana akakimbia njia ya magharibi na ngamia mwingine, na kwa haraka yake hakuchukua maji.

Basi tulingoja. Saa kumi ilipita, saa kumi na moja ikapita. Mzee alikaa peke yake akitazama magharibi, hakusema neno. Dumu la maji lilikuwa karibu naye, naye hakunywa. Mimi sikuthubutu kumtazama usoni. Nilikuwa nimefika nchi ya watu kama mgeni, nimelishwa maziwa yao, na sasa kwa ajili ya kutaka kuona pembe za choroa nilikuwa nimempoteza mtoto wao. Jua lilipokuchwa tuliwasha moto mkubwa kwa kuni zote tulizokuwa nazo.

Saa mbili na nusu za usiku ngamia alitoa sauti gizani, na kijana akatokea. Midomo yake ilikuwa imepasuka na macho yake mekundu. Aliketi, akanywa, na neno la kwanza alilosema lilikuwa kuuliza kama mgeni ameonekana. Nami nilikuwa nimeketi mbele yake. Sikupata jibu la kumpa, hata leo sijalipata.

Usiku ule mzee alipima maji yaliyobaki. Kwa sababu yangu tulikuwa tumetumia zaidi ya kipimo chetu na kupoteza nusu ya siku. Akaamua tutembee usiku. Tulitembea mpaka alfajiri kwa mwanga wa nyota, na baada ya kupumzika mchana tukatembea tena, tukafika North Horr na dumu moja ambalo halikujaa hata robo. Tulipofika kisimani tulikuta ngamia wengi wakinyweshwa kwa zamu, kila mwenye kundi akingoja zamu yake pasipo ugomvi. Walituona, wakatupisha tunywe kwanza.

ZIWA LA JANGWANI

Kutoka North Horr tulipata lori la kutupeleka Loiyangalani, na huko nikaliona Ziwa Turkana. Ni ziwa kubwa kuliko yote ya kudumu yaliyomo jangwani duniani, na rangi yake ni ya kijani na buluu, hugeuka kwa upepo. Count Teleki na mwenziwe von Höhnel walilifikia kwa miguu tarehe 6 Machi 1888, wakiwa na msafara wenye kiu kubwa, wakakuta maji yake yana ladha ya magadi. Waliliita Rudolf, na jina hilo lilidumu mpaka mwaka 1975 lilipopewa jina la Turkana. Ziwa hilo si la mchezo. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, wala hawakuonekana tena.

Upande wa kaskazini wa pwani ile ya mashariki mna Hifadhi ya Sibiloi, iliyowekwa mwaka 1973. Humo, mahali paitwapo Koobi Fora, Bwana Bernard Ngeneo alivumbua mwaka 1972 fuvu la kale lililoshangaza wataalamu wa dunia. Ng'ambo ya ziwa, mwaka 1984, Bwana Kamoya Kimeu alivumbua mifupa ya kijana wa zamani sana pale Nariokotome. Kwa hiyo nchi tunayoiita kame na tupu imehifadhi habari za wanadamu kuliko maktaba zetu zote.

Walakini jambo lililonigusa zaidi ni hili: karibu maji yote ya ziwa lile, yapata tisini katika kila mia, huletwa na Mto Omo kutoka Uhabeshi. Mvuvi wa Loiyangalani hutegemea mvua inyeshayo katika nchi nyingine na mabwawa yajengwayo na watu asiowajua. Kwa sababu ya mashaka hayo, mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza maeneo ya hifadhi ya ziwa lile katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Sisi watu wa mpakani tungepaswa kuelewa jambo hilo upesi kuliko wengine. Mto Malaba hushuka kutoka Mlima Elgon, hupita kwetu, huingia Uganda. Mto Sio nao hushuka ukawa mpaka, ukamwagika katika Ziwa Victoria. Afisa wa forodha huuliza cheti cha kila mtu na cha kila lori. Mto haujapata kuulizwa cheti.

MAFUNZO KWA NYUMBANI KWETU

Sasa niulize: je, sisi hatuna wanyama wa kuwatazama? Katika kinamasi cha Sio-Siteko, kwenye mafunjo yaliyo pande zote mbili za mpaka, yumo nzohe. Ni mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asizame matopeni, na akiogopa hujificha majini akaacha pua tu. Choroa ameumbwa kwa ukavu, nzohe ameumbwa kwa maji, na wote wawili wana adui mmoja, ambaye ni haraka ya mwanadamu. Mafunjo yakichomwa moto wakati wa kiangazi, nzohe hana pa kujificha, na ndege wasioishi mahali pengine ila ndani ya mafunjo hawana pa kutaga. Tena mafunjo ndiyo chujio la maji yetu. Yakiisha, tope lote la mashamba huingia mtoni.

Ninyi wa Malaba hamwendi mbali mkataka kuona mambo ya kale. Katika vilima vya Chelelemuk yako majabali ya Kakapel, yenye picha za duara na za ng'ombe wenye pembe ndefu, zilizochorwa na watu wa zamani. Chini ya jabali lile wachimbaji wamevumbua kunde zilizopandwa yapata miaka 2,300 iliyopita. Basi kunde zichumwazo leo katika mashamba ya Teso zina ukoo mrefu kuliko mpaka wetu. Ni wangapi katika mkutano huu waliokwisha kwenda kuzitazama picha zile?

Sitaki kuwapeni mashauri mengi. Natoa matatu tu. La kwanza, kila mwenye shamba kando ya mto aache ukanda wa majani na miti bila kulima, ili udongo usishuke. La pili, mafunjo yakatwe kwa zamu, sehemu hii mwaka huu na sehemu ile mwaka ujao, wala yasichomwe. La tatu, walimu wawapeleke watoto kinamasini na Kakapel angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na mzee wa mahali anayejua majina ya ndege na ya miti. Na watakapokwenda, wasimpite mzee yule wala wasimwache nyuma. Mimi nilimwacha nyuma mzee wangu, nanyi mmesikia yaliyonipata.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nikiisema methali hiyo tangu shuleni, lakini maana yake niliipata usiku ule chini ya migunga minne, nikimtazama mtu mzima aliyekataa kunywa mpaka mjukuu wake arudi. Jangwani maji ya mmoja ni maji ya wote, na kosa la mmoja ni kosa la wote. Hapa kwetu, kwa kuwa maji ni mengi, twaweza kukaa miaka mingi pasipo kuligundua jambo hilo. Naomba tuligundue kabla hatujalazimishwa.

 Yule kijana wa Chalbi yu mzima, na nimepata salamu zake. Ameniagiza niwaulize watu wa Busia kama ni kweli kwamba huku kwetu kuna mito inayotiririka mwaka mzima, na kama ni kweli, twaitunza namna gani. Nimemwahidi kwamba nitamletea jibu lenu.